Plamedi Akataa Ziwa

Kosa liligunduliwa Jumatatu, saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi, nyuma ya soko la Kasongo, nyumbani kwa mwalimu Jean-Marie. Aliyeligundua alikuwa na umri wa miezi saba na meno mawili. Plamedi alishika ziwa la mama yake Mathilde, akalitema kama mtu aliyepewa supu ya bweni, kisha akapiga kelele hadi kuku wakahama uani.

Walijaribu tena saa mbili, saa nne na saa sita. Kila mara mtoto alikunja uso, akageukia mlangoni aliposimama Amisa, mlezi wake, na kikombe cha uji. Uji wa Amisa aliunywa wote.

Kufikia Jumatano Plamedi alikuwa amekonda, na Mathilde, fundi wa cherehani sokoni, alishona gauni lenye mikono miwili upande mmoja. Jioni hiyo mama mkwe wake, Bibi Cécilia, aliyekuja kuwatembelea kutoka Wamaza tangu wiki iliyopita, alitoa hukumu.

“Maziwa yako imeharibika. Jumapili, saa mbili, naenda na mutoto Wamaza. Amisa atanisindikiza. Weye ubaki upumuzike.”

Mathilde alimkaza mtoto mapajani. Alijua watoto wanaokwenda kulelewa kwa bibi: wengine hurudi wakiwa na ndevu.

Mdogo wa Mathilde, Naomie, alikuwa hapo kwa likizo ya Pasaka. Alikuwa na miaka kumi na sita na, katika shule ya bweni ya masista, faili nene kuliko Biblia ya mkuu wa shule. Kwa hiyo akawa mshukiwa wa kwanza.

“Shemeji,” Jean-Marie alimwambia, “ulitia nini?”

“Ku ziwa ya dada yangu? Hata mie niko na mipaka.”

“Ulitia pilipili ku mswaki wa sista.”

“Haikuwa pilipili, shemeji. Ilikuwa tangawizi.”

Utetezi huo haukumsaidia. Ilimbidi amtafute mkosaji mwenyewe.

Alhamisi, saa tisa na dakika ishirini, mvua ilimpa mahali pa kuanzia. Amisa alikuwa amepeleka muhogo kwenye mashine ya kusaga, hivyo Mathilde alikwenda sokoni na mtoto. Mvua ikaja ya ubavu, ikamlowesha hadi kwenye ngozi. Jirani yake Emmanuella alimvua blauzi, akamfunika kwa kitenge chake kikavu. Plamedi, bila kuomba ruhusa ya ukoo, akalishika ziwa na kunyonya dakika ishirini na tano. Mathilde alilia na kucheka pamoja. Saa kumi na mbili, nyumbani, Mathilde akiwa amevaa blauzi safi iliyopigwa pasi, mtoto alikataa tena.

Naomie alilala na wazo moja: maziwa yaliyoharibika hayatengenezwi na mvua. Lakini kitu kilichopakwa huoshwa.

Ijumaa asubuhi alikusanya kila kitu kilichogusa kifua cha dada yake: sabuni, mafuta ya kujipaka, taulo, blauzi. Akaviramba vyote, kimoja kimoja. Sabuni ilimfundisha toba. Mafuta na taulo havikuwa na hatia. Lakini blauzi, upande wa ndani, kifuani, ilikuwa na uchungu uliompanda hadi masikioni. Aliutambua. Ulikuwa wa kongobololo, ule mti wa majani machungu nyuma ya jikoni. Mama anayetaka kumwachisha mtoto ziwa hujipaka maji yake. Basi kuna mtu alikuwa anamwachisha Plamedi, na hakumwambia mama yake.

Blauzi za Mathilde zilipita mikononi mwa watu wawili. Amisa alizifua. Bibi Cécilia alizipiga pasi, kwa kuwa hakumwamini mtu mwingine kuyaua mayai ya nzi wanaotaga kwenye nguo zilizoanikwa. Na Bibi Cécilia, kila alfajiri, alikunywa bilauri ya kongobololo kwa ajili ya tumbo.

Saa tatu Naomie alimkuta kwenye pasi ya makaa.

“Bibi, ile maji chungu unakunywaka, unabakisha?”

“Unataka?”

“Naulizia sayansi.”

“Sayansi iko na tumbo?” Bibi alicheka, kisha akaacha ghafla. Akaisimamisha pasi. “Unazania mie ndiye ninamuharibia mukwe wangu.”

“Sijasema, Bibi.”

“Umesema na macho. Sikiliza, bibi mudogo. Dada yako simupendi sana, anatia chumvi mingi. Lakini ule mutoto anakonda, na mie sitamungojea akufe juu ya heshima ya mutu.”

Naomie alitoka akiwa na mashaka zaidi ya aliyoingia nayo. Uani, Amisa alikuwa anamwogesha Plamedi ndani ya beseni, taratibu, kama anayeosha yai.

“Mama Amisa, mbona anakubali kwako tu?”

“Mutoto anajua mukono wenye unamubeba.”

“Na dada yangu?”

“Dada yako anabeba mashini.” Hakuinua macho. “Likizo yako inaisha lini?”

“Jumatatu.”

“Vizuri.”

Naomie alizoea watu kufurahia kuondoka kwake, lakini wote walikuwa na sababu. Amisa hakuwa amefanyiwa lolote.

Mashaka, hata hivyo, hayalishi mtoto. Jumamosi saa nane alichukua blauzi ya kijani kabatini, akaenda nayo kwa Emmanuella, akaifua mara tatu kwa maji matupu na kuikausha huko. Usiku aliiweka chini ya godoro na kuilalia; hiyo ndiyo pasi ya bweni. Kabla ya hapo, saa kumi na moja jioni, alikuwa ameanua blauzi nyeupe iliyokuwa bado na unyevu kwenye kamba, akaificha.

Jumapili, saa kumi na mbili kamili, alimwambia Mathilde aoge kifua vizuri, akampa ile ya kijani. Mathilde aliivaa bila swali, kama mgonjwa aliyekwisha maliza waganga wote.

Mfuko wa nguo za Plamedi ulikuwa tayari mlangoni. Sebuleni, Naomie alisimama mahali ambapo angeona nyuso zote. Plamedi alisogezwa kifuani. Alinusa. Alikunja uso. Kisha akashika, akanyonya, na ndani ya nyumba ikasikika sauti yake ya kumeza.

Jean-Marie alipiga magoti kuangalia koo la mwanawe.

“Anameza,” alisema Bibi Cécilia, rozari mkononi. “Angalia, anameza.”

Amisa aliingia na kitenge cha kubebea. Alitazama mara moja.

“Hii bluzi umeitosha wapi?”

“Ku kabati,” alisema Mathilde.

“Mama Amisa,” Naomie alisema, “mutoto amenyonya nyumbani baada ya siku sita. Shemeji ameangalia koo. Bibi ameangalia kinywa. Weye peke yako umeangalia bluzi. Juu ya nini?”

“Nimeuliza tu.”

“Ile niliifua tena jana, na maji tupu.” Akatoa ile nyeupe. “Na hii umeifua jana saa kumi. Nimeitosha ku kamba. Pasi ya Bibi haijaigusa. Ramba.”

Amisa hakunyoosha mkono. Jean-Marie, mwalimu mzima, aliichukua na kuiramba, uso ukamgeuka. Akampa mama yake. Bibi Cécilia aliigusisha ulimi tu.

“Kongobololo,” alisema. “Mie naijua.”

Amisa aliketi kwenye kiti kilichokuwa karibu. Hakulia.

“Nimelea watoto sita mbele ya huyu. Clovis, kule Salamabila. Heri. Glody. Mapacha wa Moustapha. Kasimu.” Kila jina alikunja kidole. “Siku mutoto anaanza kuniita mama, mwenye nyumba ananiambia asante, kazi imeisha. Kasimu nilimukuta ku soko mwaka jana. Aliniuliza bei ya ndizi.”

“Na wangu?” Mathilde aliuliza.

“Jumamosi ile ingine aliniita mama. Ulikuwa pale, ulisikia. Nikajua utanifukuza. Kule Wamaza ningebaki naye. Bibi ni muzee, angenihitaji.”

“Hakuna mutu alitaka kukufukuza,” alisema Jean-Marie. “Nakupeleka kwa polisi.”

Lakini Mathilde alikuwa amemtazama mumewe, na Naomie aliliona jicho lile. Jumamosi ile ile, jikoni, mke na mume walikuwa wamekwisha kubaliana kutafuta mlezi mwingine.

“Muache aende,” Mathilde alisema.

Bibi Cécilia aliufungua mfuko uliokuwa mlangoni, akaanza kurudisha nguo za mtoto kabatini, moja moja.

Saa moja na dakika arobaini Amisa alitoka na furushi lake. Kitenge cha kubebea alikiacha juu ya kiti. Plamedi, tumbo limejaa, alijipinda mapajani mwa mama yake, akanyoosha mikono kuelekea mlangoni na kusema neno lake moja. Mathilde akamgeuza upande wake. Mtoto akageuka tena, akalisema tena, kwa sauti zaidi.