Maji ya Mtungi wa Euthimo

Saa sita mchana, mfinyanzi Euthimo alikutwa ameanguka kando ya tanuri lake huko Athene, povu mdomoni, mwili bado wa moto. Muda si muda mfanyakazi wake, Bithi, alikuwa keshafungwa kamba.

"Divai aliimimina yeye," alisema Likoni, mdogo wa marehemu. "Tulikunywa watatu. Mimi nilichanganya na maji, nusu kwa nusu, kama mstaarabu. Huyu Mthrakia huibugia kavukavu, kama wenzake huko milimani."

"Mgeni ni mgeni tu!" jirani mmoja akadakia mlangoni.

"Divai niliionja mimi kwanza, bwana," Bithi alisema. Hakuna aliyemgeukia.

"Jua likizama atapigiliwa ubaoni mpaka afe," mkuu wa soko akakata shauri.

Filina, binti wa marehemu, alikuwa bado hajalia. Alichuchumaa mbele ya vikombe vitatu, maana kila siku yeye ndiye aliyeviosha. Cha baba yake kilibaki na machicha mepesi, mekundu ya kufifia. Ya Bithi yalikuwa mazito, meusi. Akakiinua cha Likoni, akakitazama sana.

"Baba mdogo, ulichanganya maji kweli?"

"Nimeshasema. Kwani mimi mshenzi?"

"Mbona machicha yako meusi kama ya Bithi?"

"Wewe, nenda kaomboleze na wanawake wenzio!"

Filina akamgeukia mkuu. "Mzee, divai wameinywa wote. Maji ya kuchanganyia, ya mtungi huu, niliyanywa asubuhi, nikabaki mzima. Mchana kayanywa baba peke yake." Akajaza kikombe maji. "Haya, baba mdogo. Si ulishayanywa? Hayatakudhuru."

Likoni akarudi nyuma mpaka mgongo ukagonga ukuta.

"Kunywa," mkuu akasema.

"Kaka alitaka kumpa huyu tanuri!" Likoni akafoka. "Tanuri la baba yetu, lisimamiwe na mtu mwenye chale! Mimi nichote udongo kwa amri ya mshenzi? Nilijua mtamshika yeye. Nani angeuliza?"

"Kweli," alisema Filina, machozi sasa yakimtoka. "Hakuna aliyeuliza."

Kamba ileile ikahamia mikononi mwa Likoni. Bithi akasugua vifundo vya mikono, akachungulia tanuri. Moto ulikuwa unafifia, na vyombo vya mwisho vya Euthimo vilikuwa bado ndani. Akaokota kuni.

"We Mthra..." mkuu akaanza, kisha akasita. "Hivi unaitwa nani?"