Gurudumu la Tatu la Bajaji

"Tela gani lipite hapa Tunduma mimi nisilijue? Labda lipite angani!"

Tulinagwe aliyasema hayo akivuka barabara na ndoo ya maji kichwani, mdogo wake Gwamaka akimfuata na kidumu. Majigambo hayo yalikuwa sehemu ya asubuhi yake, kama kupiga mswaki. Nyumba yao ilikuwa karibu na foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia, na msichana huyo wa darasa la sita aliikagua foleni kama mkuu wa gwaride. Hili limebeba mafuta, hili saruji, lile magari madogo kutoka bandarini. Akiwasalimia madereva wa Kizambia "Mulishani!" nao wakamjibu, basi siku hiyo hata zamu yake ya kufagia darasa alitaka afagiliwe.

Mama yao, Restuta, alikuwa na pikapu. Sasa alikuwa akitengenezewa tela la kubebea magari na bajaji, maana njia za kwenda Chitete na Ndalambo ni mbovu na wateja hawakosekani. Fundi Kefa, mchomeleaji wa mtaani kwao, alikwisha kuunda fremu. Kilichobaki ni sakafu.

"Chagueni," alisema fundi. "Naweza kutandaza mbao tela zima. Au niweke njia mbili za chuma, moja ya magurudumu ya kushoto, nyingine ya kulia, katikati pabaki wazi. Hiyo ni nyepesi, na tope linaanguka lenyewe."

"Njia mbili!" Tulinagwe akadakia. "Matela yanayopeleka magari Zambia ndivyo yalivyo, mama. Mbao ni za kubebea mbuzi!"

Mama akacheka. "Mtaalamu wangu, tusichague kwa mdomo. Chukua chaki, uchore njia hizo hapa uani kwa vipimo vya fundi. Mwombe baba mdogo Amoni apitishe gari lake, kisha pikapu yetu, kisha bajaji ya jirani. Jioni uniambie kama magurudumu yote yamekaa ndani ya mistari."

Mchana huo Tulinagwe akachora, Gwamaka akimshikia kamba ya kupimia. Gari la baba mdogo likapita ndani ya mistari. Pikapu nayo ikapita. Ikabaki bajaji. Hapo hapo sauti ya Ruti, rafiki yake, ikasikika nyuma ya ua.

"Tuli! Tumepungukiwa mtu kwenye rede!"

"Nakuja!"

"Dada, bado bajaji," alisema Gwamaka.

"Bajaji ndiyo nini? Ng'ombe akipita mlangoni, mbuzi atakwama?"

Gwamaka akafikiri kidogo. "Mbuzi ana miguu minne, dada."

Lakini dada alikuwa ameshafika uwanjani, anakwepa mpira.

Jioni mama akauliza, "Umepima zote?"

"Zote, mama."

"Na bajaji?"

"Imekaa utadhani ilizaliwa humo!"

Basi fundi Kefa akachomelea njia mbili, akatengeneza na ngazi mbili za kupandishia, moja kwa kila upande. Tela likapakwa rangi ya bluu likapendeza.

Jumamosi akaja mteja wa kwanza, mzee Anyosisye wa Ndalambo. Alikuwa amenunua bajaji mpya, na hakutaka kabisa kuiendesha kwenye tope.

"Nimemwahidi mke wangu atakuwa abiria wa kwanza," alisema. "Ikifika imechafuka, ataniuliza nilianza kumpakia nani."

Watu wakacheka, wakaisukuma bajaji mpaka kwenye ngazi. Gurudumu la nyuma la kushoto lilikuwa na njia yake. La kulia lilikuwa na yake. La mbele, maskini, lilisimama katikati ya ngazi mbili likitazamana na ardhi tupu.

Kicheko kikalipuka mtaa mzima.

"Mama Tuli, huyo wa tatu anapanda kwa nauli ya nani?" mtu akapaza sauti.

Isaka, mwenye lori dogo, hakupoteza muda. "Mzee, njoo kwangu. Lori langu lina sakafu kama ya kanisa."

Mzee Anyosisye akaanza kumtazama Isaka. Restuta akaona mteja wake wa kwanza anaondoka. Akamgeukia fundi kwa hasira.

"Kefa! Mwanangu alipima bajaji, ikakaa. Wewe umebadilisha vipimo!"

"Dada yangu, nimefuata mistari ile ile ya chaki."

"Usinidanganye! Kazi yangu huigusi tena, na mtaa mzima nitauambia."

Tulinagwe alikuwa nyuma ya pipa la maji, amejikunja kama paka aliyenyeshewa. Alimwona fundi Kefa akivua glavu zake taratibu. Alimwona Gwamaka akilitazama pipa bila kumtaja. Bora angesema! Tulinagwe akatoka.

"Mama, usimgombeze fundi. Bajaji sikuipima. Nilikwenda kucheza rede, nikakudanganya."

Restuta alimtazama binti yake. Kisha akamgeukia fundi. "Kaka Kefa, nisamehe. Nimekuaibisha mbele za watu kwa kosa lisilo lako."

"Yameisha, dada. Sasa tufanyeje na mzee?"

"Si tuzibe katikati na zile mbao za mbuzi?" aliuliza Gwamaka.

Watu wakacheka tena, lakini fundi Kefa hakucheka. Akaliinamia tela, akapima kwa mkono. "Mtoto amesema. Mbao ngumu katikati, tukiacha nafasi ndogo za kupitisha tope. Na ngazi ya tatu. Mzee, utatuvumilia?"

"Kama kuna chai na mihogo, nitavumilia mpaka kesho," alijibu mzee Anyosisye.

Tulinagwe alibeba mbao, akashika misumari, akafagia karakana. Ruti alimwita mara kadhaa kwenda kwenye rede, hakugeuka. Alasiri bajaji ikapanda kwa magurudumu yote matatu, ikafungwa kamba, ikaondoka inang'aa.

"Mwanangu," mama alisema, "kutopima si kosa kubwa kama kusema umepima. Ungeniambia bado, tungepima. Uongo wako ulikuwa kama lile pengo la katikati. Ulionekana mdogo, lakini kidogo tu fundi wa watu atumbukie."

"Nimekusikia, mama. Sirudii."

Jumatatu, mwalimu Tabita aliwataka wanafunzi wasimulie siku waliyosema ukweli. Mkono wa kwanza kunyooka mnaujua.

"Mimi, mwalimu, bila kusita hata kidogo, nilisimama mbele ya watu nikasema kweli! Kisha nikawashauri wazibe tela kwa mbao."

Darasa likapiga makofi. Mlangoni alikuwa amesimama Gwamaka, aliyetumwa na mwalimu wake kuazima chaki.

"Dada," alisema kwa upole, "mbona husemi habari za pipa?"

"Pipa gani?" aliuliza mwalimu Tabita.