Kadi ya Punda wa Hakimu

Kila Ijumaa, wanaume wakisharudi msikitini na sahani za chakula cha mchana zikishaoshwa, nyumba ya Bibi Inshirah pale mtaani Shubra, ghorofa ya nne, hugeuka uwanja. Meza inasogezwa ukutani, zulia linakung'utwa, na kadi za filamu zinatolewa kabatini. Mama wa Shahinda na Anas huenda jikoni kutia chai, na waliobaki hugawana wawili wawili: Rawan na baba yake, Mjomba Wagdi, upande mmoja; Shahinda na mdogo wake Anas upande wa pili. Bibi ndiye mwamuzi.

Kadi hulazwa mezani kifudifudi, kila moja ina jina la filamu. Unavuta moja, unaisoma peke yako, unaificha kifuani. Kisha unasimama katikati ya zulia na kuigiza jina hilo bila sauti, na mwenzako anabahatisha. Vidole huonyesha jina lina maneno mangapi. Bibi anageuza kichupa cha mchanga. Mchanga ukiisha kabla jina halijatajwa, kadi imepotea. Ukitoa sauti, hata "aa" tu, imepotea vilevile.

Hapo ndipo Anas alipokuwa akimwangamiza dada yake. Alikuwa na miaka saba na hakuweza kunyamaza. Akiigiza paka, alilia nyau. Akiigiza treni, alipiga honi.

"Anas huyu," Rawan alikuwa akisema huku akijipepea kwa kadi walizoshinda, "hata akilala anasimulia ndoto yake! Shahinda, pole dada. Wiki ijayo cheza na redio, angalau ina kitufe cha kuzimia."

Mjomba alikuwa akicheka mpaka chozi linamtoka. Shahinda naye alikuwa akicheka, kisha anaenda chooni, anafungua bomba la maji ili asisikike akilia.

Siku ya Maulidi mambo yalikuwa mazito zaidi. Bibi alikuwa amenunua sanduku la kashata za sikukuu, za karanga, za ufuta na za dengu. Juu ya kabati aliweka mwanasesere wa sukari mwenye gauni la karatasi za rangi.

"Atakayeshinda leo anaondoka naye," alisema.

Shahinda alimtazama yule mwanasesere. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na hakukumbuka kushinda hata mara moja. Lakini safari hii alikuwa amejiandaa. Wiki nzima alilala kwa Bibi, na kila Bibi alipokuwa kwenye sala, yeye alizitoa kadi kabatini na kuzitia alama kwa ukucha. Mkwaruzo mmoja pembeni, ni filamu hii. Miwili juu, ni ile. Anas akivuta kadi, yeye angelijua jina hata kabla mtoto hajainua kidole. Kazi yake ingekuwa kujikuna kichwa kidogo, asionekane amejua mapema.

Na kwa ule mdomo wa Anas pia alikuwa na dawa. Zamu yao ilipofika alichukua kipande kinene cha kashata ya karanga, akamtia mdogo wake mdomoni.

"Usitafune. Kikae humo humo. Mdomo ukijaa hausemi."

"Kikubwa, dada."

"Nyamaza. Unataka tucheke au tuchekwe?"

Anas aliitikia kwa kichwa, shavu limetuna. Alivuta kadi. Shahinda aliona mikwaruzo miwili juu ya kona. Punda wa Hakimu. Moyo wake ulitulia. Kadi nyepesi: masikio marefu, mateke, basi.

Bibi aligeuza kichupa. Anas alisoma kadi, macho yakamtoka kwa kicheko, mabega yakaruka. Akainua vidole vitatu. Sawa kabisa, maneno matatu.

Kisha akashika koo.

Shahinda alingoja masikio. Hayakuja. Anas alishika koo kwa mikono miwili, akapinda kiuno, akapiga mguu chini.

"Mnyongaji wa Giza!" Mjomba aliropoka, ingawa haikuwa zamu yake.

"Baba, usiwasaidie!" Rawan alicheka. "Lakini ajabu, jamani! Anas amenyamaza! Tazama uso, mpaka amejifanya mwekundu!"

"Leo umekuwa mwigizaji, mwanangu!" Mjomba alipiga makofi. "Hivyo hivyo!"

Anas alipiga magoti. Mdomo ulikuwa wazi, na hakuna kilichotoka, si sauti wala pumzi. Alimtazama dada yake. Hayakuwa macho ya mchezo.

Shahinda alisimama. "Amepaliwa!"

"Amepaliwa?" Rawan aliangua kicheko. "Filamu ya jina hilo haipo! Tena hilo ni neno moja, yeye kaonyesha matatu!"

"Si filamu! Hapumui!"

"Hapumui Tena!" Mjomba alibahatisha, bado anacheka. "Hapana, hilo maneno mawili."

"Haraka, mchanga unaisha," Bibi alisema, macho kwenye kichupa.

Shahinda alihisi anapiga kelele na hakuna anayesikia. Kila neno alilosema liligeuka kuwa jibu la mchezo. Midomo ya Anas ilianza kuwa na rangi ya zambarau. Kulikuwa na neno moja tu ambalo wangeliamini, na neno hilo lingemvua nguo mbele ya wote. Alimtazama mwanasesere kule juu ya kabati. Aliona aibu kabla hata hajafungua mdomo. Kisha mkono wa Anas ukaanguka zuliani.

"Kadi yake ni Punda wa Hakimu!" alipayuka. "Najua kwa sababu nimezitia alama! Nimeiba mchezo, Bibi! Ni punda, na punda hashiki koo! Nilimtia kashata mdomoni! Anakufa!"

Rawan alichukua ile kadi iliyoanguka, akaigeuza. Kicheko kikamkatika.

"Ni kweli, baba. Ni punda."

Mjomba aliruka, akataka kumtia Anas kidole mdomoni. "Mleteeni maji!"

"Usimtie kidole!" Mama alikuwa tayari amefika kutoka jikoni, mikono ina majani ya mnanaa. "Utakisukuma ndani. Wala maji msimpe. Wagdi, piga simu ya gari la wagonjwa!"

Alimwinamisha Anas mbele, akampiga mgongoni kati ya mabega kwa kiganja, kwa nguvu, mara tano. Hakuna kitu. Akapita nyuma yake, akamkumbatia, ngumi juu ya kitovu, akavuta ndani na juu. Mara moja. Mara ya pili.

"Ya Rabi," Bibi alisema. "Ya Rabi, mtoto."

Mara ya tatu kipande cha kashata kiliruka, kikagonga mguu wa meza. Anas akavuta pumzi kwa mlio wa kutisha, kisha akalia. Hakuna aliyewahi kuisikia sauti ile kwa furaha kiasi kile.

Alipoweza kusema, alimtafuta Shahinda kwa macho.

"Sikusema, dada," alinong'ona. "Sikusema hata neno."

Shahinda aliangukia pale pale, akamkumbatia, na safari hii hakuhitaji bomba la maji.

Hospitalini, daktari alimpima Anas tumboni na kifuani, akasema yu mzima, na kwamba mama alifanya kama inavyotakiwa. Mama alisema alifundishwa kliniki, siku alizokuwa akimpeleka Anas chanjo.

Waliporudi, Bibi alimwita Shahinda. Kadi zilikuwa mapajani mwake, anazipapasa kwa dole gumba, mkwaruzo baada ya mkwaruzo.

"Bibi, nisamehe. Na yule mwanasesere sistahili hata kumtazama."

"Kusamehe nimeshasamehe. Sasa nisikilize. Kitu cha kula hakikai mdomoni mwa mtoto anayecheza, anayecheka au anayekimbia. Hilo la kwanza. La pili, ulidanganya ili usichekwe, na udanganyifu huo ukamweka mdogo wako karibu na kaburi. Kilichomtoa huko ni ukweli wako, nao ulikupa aibu. Mungu alikuonyesha vyote viwili katika mchanga wa kichupa kimoja. Usivisahau."

"Sitasahau, Bibi."

Ijumaa iliyofuata Shahinda alileta kadi mpya alizokata mwenyewe kwenye maboksi ya viatu, Rawan akaandika majina. Kisha Bibi akatangaza sheria mpya: mchezaji yeyote, kabla ya kuvuta kadi, anakwenda kwake na kufungua mdomo.

Mjomba Wagdi alikuwa wa kwanza.

"Fungua zaidi," Bibi alisema. "Naona karanga."

Mjomba aliitema mkononi kwa aibu, wote wakacheka. Anas ndiye aliyecheka kwa sauti kubwa kuliko wote, na Shahinda hakumwambia anyamaze.