Kiti cha Dirishani

"Mkalishe dirishani," sauti ilisema sikioni mwa Nyuki. "Nimuone kwenye kamera."

"Sawa, Dada."

Nyuki hakumwita hivyo kwa adabu ya kazi. Mkuu wake wa operesheni za polisi alikuwa dada yake wa tumbo moja, toka nitoke, aliyemfundisha kusuka nywele na kufungua bastola ya Glock akiwa amefumba macho. Ndiye pekee aliyeambiwa kwamba shahidi angerekodiwa leo katika maktaba hii ya historia ya wanawake.

Shahidi mwenyewe ni Mama Jiko. Kwa miaka alilipikia genge lililouza wasichana ng'ambo kwa ahadi za kazi. Wakubwa wote aliwajua kwa sura. Wakimwahi, kesi imekufa.

Nyuki akavuta kiti dirishani. Mkutubi, mama wa makamo mwenye ulimi wa pilipili, akamzuia.

"Humu mwanamke hapangiwi pa kukaa, mwanangu. Anayekuja kusema huchagua mwenyewe."

Nyuki akabembeleza. Wapi! Ndiyo ilikuwa desturi ya maktaba tangu ifunguliwe. Mama Jiko akakitazama kiti, akalalamikia jua, kisha akajikalia zake sakafuni katikati ya makabati ya vitabu, miguu kainyoosha.

Kioo kikapasuka.

Risasi ilitoboa mgongo wa kiti kitupu.

Nyuki alikuwa kishamlalia Mama Jiko juu aliposikia sauti sikioni, taratibu kabisa.

"Amekwisha?"

Hakuuliza kumetokea nini. Hakuuliza kama mdogo wake yu hai.

Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, lakini hawakusema kinavyouma. Nyuki alitaka kulia kwa sauti, pale pale sakafuni.

"Amekwisha," akajibu. "Nitoe mlango wa nyuma."

Akageuza mkondo wa redio, akaita kikosi kilichojibanza mtaa wa pili bila kuambiwa ni kwa nini. Mlenga shabaha alikuwa juu ya paa la jengo la mbele. Wamchukue. Kisha waje nyuma, kimya.

Land Cruiser ya Dada ikasimama mlango wa nyuma. Dada akashuka, akakutana na mdomo wa Glock ya Nyuki.

Mama Jiko alichungulia mlangoni.

"Yule kwenye usukani nimempikia," akasema. "Ndiye bosi."

Askari wakamvuta nje bosi. Pingu za Dada, Nyuki alizifunga mwenyewe.

"Mama atakufa akisikia," Dada alinong'ona. "Utamwambia nini?"

"Utamwambia wewe," Nyuki akasema. "Wewe ndiye mkubwa."

Akavaa miwani ya jua ili askari wasimwone macho, akaondoka kwa miguu.