Vinyota Saba kwenye Kompyuta ya Shangazi

Apa kwanza. Sema hutamwambia mtu, hata mumeo. Umeapa? Basi sikia, mimi nami niliapishwa hivyohivyo, na hata chai haijapoa nisharopoka.

Kwenye ofisi moja ya wachora ramani za majengo kuna bwana wanamwita Madoido, kwa tai zake na marashi mpaka kwenye soksi. Meza ya pili alikaa mama mtu mzima, fundi hasa, ofisi nzima ikimwita Shangazi. Alipomaliza ramani ya hospitali, Madoido aliinakili kimyakimya, kisha akaifunga kompyuta ya Shangazi kwa neno la siri, lile linaloulizwa mashine inapowashwa tu.

“Mwanangu, kama ni wewe, nifungulie,” Shangazi alimwomba. “Kazi ya miezi sita imo humo.”

“Shangazi nawe! Umelisahau mwenyewe, unanisingizia mimi? Uzee huo.”

Presha ikampanda palepale kitini. Wakamzika, na Madoido akaipeleka ramani kwa bosi kama yake.

Asubuhi iliyofuata kompyuta ya marehemu ikawaka, na waya wa umeme umechomolewa, umelala sakafuni. Ikanuka mafuta ya karafuu, yale aliyokuwa akijikanda vidole. Kwenye kisanduku cha neno la siri, kinyota kimoja, kama mtu kaandika herufi moja. Kesho yake, viwili. Madoido peke yake alijua neno lina herufi saba.

“Jini hilo,” mfagizi alinong'ona. “Na lina mtu wake humu ndani.”

“Nyamaza, mama. Ni hitilafu tu,” Madoido akasema, jasho likimchuruzika.

Siku ya saba bosi akawakusanya wote ili amtangaze Madoido mkuu wa wachoraji, na binti wa Shangazi, aliyekuja kuchukua vitu vya mamake, akiwemo. Madoido akasimama kuapa kwamba ramani ni yake na mashine ile hajapata kuigusa, lakini kabla hajamaliza miguu ikamgeuka, ikambeba hadi meza ya pili huku akishikilia viti na viti vikija naye, karafuu ikamjaa puani hadi machozi yakamtoka, na vidole baridi visivyoonekana vikakaa juu ya vidole vyake, vikafuta vinyota, vikamwandikisha neno lote upya, herufi kwa herufi, naye akizitaja moja moja kwa sauti kama mtoto wa chekechea.

Kompyuta ikafunguka. Ramani ikajaa kiooni, jina la Shangazi pembeni.

“Umelijuaje?” binti akauliza.

Madoido akavuta mikono. Haikutoka. Ofisi nzima ikamzunguka ikimtazama, vidole vyake vimeganda juu ya vibonye.