Vumbi Ukumbini

Haya yalimfika sahibu yangu Sleiman, mkaazi wa Hail, mwaka 1998, baada ya kurejea kutoka kisiwa cha mbali alikokwenda na mkwewe Yaqoob kutazama mijusi mikubwa ya mwituni. Huko Yaqoob alipotea msituni tangu adhuhuri hadi jua kuchwa. Alipotokea, alicheka tu: "Ami, ulidhani nshaliwa?"

Tangu hapo Sleiman hakumwamini, wala hakuweza kueleza kwa nini. Na sasa bintiye Balqees, mke wa Yaqoob, alikuwa amekuja kujifungulia kwake, na arobaini ya mtoto ilikuwa haijatimia.

Jioni moja Sleiman alirudi kutoka soko la Mawaleh na kikapu cha mapapai ya mzazi. Tufani ya vumbi ilikuwa imepita, umeme umekatika, na mlango wa mbele u wazi. Gizani alisikia mkwaruzo ukienda polepole juu ya marumaru, kisha kimya.

"Balqees, mwanangu, uko na nani?"

"Yaqoob kaja, baba. Kamchukua mwana ambembeleze. Sema taratibu, keshanyamaza."

"Wako wapi?"

"Chumba cha mwisho. Kasema hataki taa."

Sleiman akawasha tochi, akamulika chini. Vumbi lilikuwa limetanda ukumbi mzima. Nyayo za miguu mitupu ziliingia kutoka nje, zikapita chumbani kwa Balqees, zikaishia kwenye chumba cha mwisho. Na katikati ya nyayo hizo, bila kukatika popote, ulipita mchirizi mmoja mpana, kama wa mkia unaoburutwa, uliopinda kushoto na kulia.