Magoti Yasiyojua Salamu

Mnadhani nitaanza na zamani za kale? Leo siendi huko. Hadithi hii ni ya kesho, keshokutwa, mtondo na mtondogoo, na mbele yake tena. Mimi nimeshachungulia, kwa hiyo kaeni vizuri niwaambie.

Palikuwa na mtoto anaitwa Milembe. Alikuwa na miaka sita. Aliishi Mwanza, juu ya mawe, pamoja na babu yake, Babu Nkwabi.

Mwanza ya siku hizo ilikuwa na mambo. Mabasi yalining'inia kwenye nyaya na kupita juu ya mapaa. Mashine ndogo zilifagia barabara zenyewe, huku zikisalimia watu. Jicho la mtu likichoka, alipewa jingine. Sikio likichoka, alipewa jingine.

Lakini Babu alikuwa na magoti yale yale aliyozaliwa nayo. Yalikuwa yanalia. Kwe, kwe, kwe.

Kila asubuhi Babu alimpeleka Milembe shule kwa miguu. Kwe, kwe, kwe, polepole. Walimsalimia Mama Shija, anayekaanga vitumbua. Walimsalimia Mzee Luhende, fundi cherehani. Habari za asubuhi? Nzuri. Za nyumbani? Nzuri. Watoto wameamkaje? Salama.

Milembe aliipenda njia hiyo kuliko shule yenyewe. Msimwambie mwalimu.

Siku moja magoti yakagoma. Babu alikaa kitandani akasema, "Leo hata mlangoni sifiki."

Wakaenda hospitali. Dokta Yunge akamwekea Babu magoti mapya. Yaling'aa kama sufuria ya dukani. Kila goti lilikuwa na sikio, dogo kama tundu la kifungo.

"Magoti haya yanasikia," alisema Dokta Yunge. "Yana nguvu sana, ila adabu hayana bado. Hiyo mtayafundisha wenyewe nyumbani."

Babu akasimama. Magoti yakasema ziii. Babu akasema, "Ala."

Ziii, fyuu, Babu huyooo.

Kesho yake wakaenda shule. Milembe alipanda mgongoni kwa Babu, maana kwa miguu asingemfikia. Mama Shija akawaona wanakuja.

"Shikamoo, mzee," alisema Mama Shija.

"Maraha..." alisema Babu.

Ziii, fyuu, Babu huyooo.

Ile "ba" ilidondoka mbali, mbele ya duka la dawa. Muuza dawa akatoka nje kutazama nani kamwitikia.

"Habari za asubuhi, Nkwabi?" alisema Mzee Luhende.

"Nzu..."

Ziii, fyuu, Babu huyooo.

Ile "ri" ilimpata mbuzi. Mbuzi hakujibu kitu.

Walifika shule kabla ya mwalimu. Walifika hata kabla ya lango kufunguliwa. Milembe alikaa juu ya jiwe akasubiri. Hakufurahi hata kidogo.

Ikawa hivyo wiki nzima. Siku moja Mama Shija akamwita Milembe pembeni.

"Babu yako siku hizi anaringa," alisema. "Kapata magoti mapya, sisi ametusahau."

"Babu haringi," alisema Milembe. "Ni magoti."

Mama Shija akaguna tu, akageuza kitumbua.

Jioni Babu alitoa ubao wa bao, akapanga kete. Kila jioni Mzee Luhende alikuja kucheza naye. Jioni hiyo hakuja. Jioni ya pili hakuja. Babu akacheza peke yake, mkono wa kulia na mkono wa kushoto. Wa kulia ukashinda. Hakuna aliyepiga makofi.

"Wamenichoka, mjukuu wangu," alisema Babu. "Nina magoti ya kijana, lakini sina hata mtu wa kunijulia hali."

Sauti yake ilikuwa ndogo. Milembe aliumia moyo. Alitaka kulia, kisha akaona kulia hakusaidii. Akachuchumaa, akasogeza mdomo kwenye sikio la goti la kulia.

"Goti, nisikilize. Watu wakisalimia, usikimbie. Unapiga goti chini, unatulia. Ndivyo tunavyosalimia wakubwa."

Ni kweli. Kwao, mtoto wa kike akiamkia wakubwa hupiga goti. Milembe alijua salamu hiyo moja tu. Akahamia goti la kushoto, akalieleza yote upya, lisije likasema halikuambiwa.

Sasa sikilizeni mambo.

Asubuhi wakapita kwa Mama Shija. Alikuwa amenuna, lakini mkubwa ni mkubwa, lazima umwamkie.

"Shikamoo, mzee," alisema, macho kwenye kikaango.

Ziii. Pu.

Babu chini. Amepiga magoti mbele ya vitumbua, na Milembe bado yuko mgongoni.

"Marahaba," alisema Babu kutoka huko chini.

Mama Shija aliangusha kijiti chake. Mzee mzima, na mvi zake, ampigie magoti yeye? Haiwezekani. Na yeye akapiga magoti haraka haraka.

"Inuka, mzee. Shikamoo."

Babu alikuwa ameanza kuinuka. Pu. Chini tena.

"Jamani, inuka mzee wangu. Shikamoo."

Pu.

Vitumbua vikaanza kuungua.

Mzee Luhende alisikia harufu, akatoka mbio, futi ya kupimia ikiwa shingoni.

"Habari za asubuhi? Kuna nini hapa?"

Pu.

Mashine ya kufagia nayo ikapita. "Habari za asubuhi," ilisema kwa sauti ya puani.

Pu. Babu Nkwabi akaipigia magoti mashine ya kufagia.

"Milembe," alisema Babu taratibu. "Umeyafundisha nini magoti yangu?"

Milembe akashuka mgongoni. Akaeleza yote, huku anatazama vidole vyake vya miguu. Alidhani watamgombeza.

Mzee Luhende ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka futi ikamdondoka. Mama Shija akacheka mpaka akakaa chini kabisa. Babu akacheka akiwa bado amepiga magoti.

"Kumbe ni magoti kweli," alisema Mama Shija, akijifuta machozi. "Na mimi nikasema unaringa. Nisamehe, mzee wangu."

"Nimekusamehe," alisema Babu. "Lakini tafadhali usiniamkie tena mpaka mtoto arekebishe."

Milembe akainama.

"Magoti, nilikosea," alisema. "Ninyi si magoti ya mtoto. Ninyi ni magoti ya Babu. Babu hapigi goti. Babu anasimama, anaitikia, anauliza habari. Hamwondoki mpaka salamu iishe."

Akahamia upande wa pili, akarudia.

"Haya, tujaribu," alisema Babu.

Mama Shija alijaribu kwa woga. "Shikamoo, mzee."

Ziii.

Babu akasimama wima. Magoti yakatulia.

"Marahaba, mwanangu. Habari za nyumbani?"

"Nzuri, mzee."

"Shija hajambo?"

"Hajambo, ameota jino la juu."

"Na yule ng'ombe wa mjomba wako?"

Wakaongea habari za ng'ombe. Mzee Luhende akasogea, naye alikuwa na habari za ng'ombe. Milembe akala kitumbua kimoja, upande ambao haukuungua. Alichelewa shule siku hiyo. Alichelewa sana, na alifurahi.

Jioni Mzee Luhende alikuja kucheza bao. Alishindwa mara tatu. Akasema kete zina kasoro, na kwamba kesho atakuja tena kuzikagua.

Baada ya chakula Milembe akapanda kitandani. Babu akamfunika shuka vizuri, mpaka kidevuni.

"Lala salama," alisema Babu, akageuka aende. Ziii.

"Shikamoo, Babu," alisema Milembe.

Magoti yakasimama tuli.

"Marahaba. Lala sasa."

Ziii.

"Shikamoo, Babu."

Magoti yakasimama tena.

"Si umeshaniamkia?"

"Nililiamkia goti la kulia," alisema Milembe. "La kushoto bado."

Babu akacheka mpaka tumbo likatikisika. Akaona huyu hamwezi. Akavuta kigoda, akakaa karibu na kitanda.

"Haya. Habari za shule?"

"Nzuri."

"Mwalimu hajambo?"

"Hajambo. Aliuliza kwa nini nimechelewa."

"Ukamwambiaje?"

Milembe alikoroma kidogo. Usingizi ulikuwa umeshamchukua.

Sasa Babu angeweza kwenda kulala. Salamu ilikuwa imekwisha, na magoti yalikuwa tayari. Lakini alibaki pale pale, akimtazama mjukuu wake.

Na sisi tunyamaze, tusije tukamwamsha.